Hesabuni na watoto wanaorudishwa getini

Mhariri, salaam na poleni na kazi.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hili la chekechea limenikaa kooni muda mrefu na nikilifupisha sana litaharibika. Kila msimu wa uandikishaji ukifika nyie watu wa magazeti mnatuletea habari ileile, madarasa mapya yamejengwa, viti vidogo vya rangi rangi, kiongozi kakata utepe, watoto wanaimba, na kichwa cha habari kikubwa kwamba sasa elimu ya awali ni ya watoto wote. Sawa, hongera zao, madarasa yanahitajika na mi sina ugomvi na utepe. Ila hivi kuna mwandishi wenu hata mmoja aliyewahi kusimama pale kwenye meza ya uandikishaji asubuhi ile ya kwanza akaangalia nani anarudishwa na kwa sababu gani? Mimi nafundisha awali na msimu ukifika ndo nakaa kwenye hiyo meza. Ninachowaambia ni kwamba mtoto wa maisha magumu mara nyingi darasa lipo, hapo hapo karibu, lakini anakwama kwenye karatasi, au kwenye saa za kufungua na kufunga, au kwenye kifungu fulani cha mwongozo ambacho aliyekiandika wala hakumfikiria mtoto kama huyo.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Bibi mmoja kaja na mjukuu wa kike, mama wa mtoto yuko mbali kwenye vibarua, baba hajulikani alipo. Mkononi ana mfuko wa nailoni, ndani yake kadi ya kliniki imekunjwa mpaka inataka kukatika, chanjo zote zimejazwa, uzito umeandikwa mwezi kwa mwezi, tarehe ya kuzaliwa ipo na muhuri upo. Sasa mwongozo unataka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi na barua ya makazi, tena siku hizi fomu iko kwenye kompyuta na pale penye namba ya cheti usipojaza sistemu inagoma, huendi ukurasa wa pili hata ufanyeje. Bibi akaniangalia akasema, mwalimu, mtoto si huyu hapa unamwona, sasa unataka karatasi ije ikwambie kwamba yupo? Sikuwa na la kumjibu. Nikamwelekeza ofisi inayotoa vyeti, ambako kwa mtoto aliyechelewa kusajiliwa kuna ada ya kuchelewa, kuna kiapo, kuna kutafuta mashahidi, na kuna ile njoo kesho. Msimu ule hakurudi.

Na msidhani huyo bibi ni wa peke yake. UNICEF mwishoni mwa 2024 walitoa takwimu kwamba duniani kuna watoto kama milioni 150 wa chini ya miaka 5 ambao kuzaliwa kwao hakujasajiliwa popote, na hiyo ni pamoja na kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unasema mtoto asajiliwe mara tu anapozaliwa. Sasa we jiulize hao milioni 150 ni watoto wa nani. Ni wa wakimbizi, wa wafugaji wanaohamahama, wa mabinti waliojifungulia nyumbani, wa yatima wanaolelewa na ndugu, yaani ni walewale ambao kila hotuba inawataja kama walengwa. Idara moja inaandika kwamba watoto walio kwenye mazingira magumu wapewe kipaumbele, idara nyingine inaandika kwamba bila cheti asiandikishwe, na hizo karatasi mbili zinakuja kukutana mezani kwangu, ya pili inaishinda ya kwanza kila siku kwa sababu ya pili ndo iko kwenye kompyuta.

Na wala sio kwamba haiwezekani kufanya vingine. Marekani wana sheria ya 1987 inayoitwa McKinney-Vento, inahusu watoto wasio na makazi, na inasema shule impokee mtoto saa hiyohiyo hata kama hana rekodi za chanjo wala cheti wala uthibitisho wa anapoishi, hayo mengine yatatafutwa akiwa ameshakaa darasani. Na Head Start, ule mpango wao wa awali kwa familia maskini ulioanza 1965 enzi za Rais Lyndon Johnson, ulipofanyiwa marekebisho 2007 ukaweka kwamba mtoto asiye na makazi anastahili moja kwa moja, hahojiwi kipato, na aanze huku karatasi zinatafutwa. Sisemi Marekani ni peponi, Head Start yenyewe haifikii hata nusu ya watoto wanaostahili kwa sababu bunge lao halitoi hela ya kutosha. Ninachotaka mwone ni mpangilio tu, mtoto anaingia kwanza, karatasi zinamfuata nyuma, na wa kuzikimbilia ni ofisi badala ya bibi.

Halafu kuna hili la foleni. Sehemu nyingi nafasi ni chache na utaratibu ni aliyewahi kapata, na watu wanaona hapo ndo haki imetendeka maana hakuna upendeleo, kila mtu kapanga mstari. Haki gani? Maombi yanafunguliwa onlaini usiku, asubuhi nafasi zimeisha, sasa nani alikuwa macho na simu ina bando na anajua kusoma ile fomu na anamjua mtu wa kumwambia kwamba kesho wanafungua? Mzazi mwenye kazi ya ofisini anaandikisha mtoto wakati bado ana mimba. Mama anayelala kwenye kibanda cha kupanga na kuhama kila baada ya miezi anakuja kuniuliza kama nafasi zipo na mimi namwonyesha tangazo la kwamba zimejaa. Ujerumani mtoto ana haki kisheria ya nafasi, kuanzia miaka 3 tangu 1996 na kuanzia mwaka 1 tangu Agosti 2013, yaani sheria iko safi kabisa, na bado watoto wa familia zisizosoma wako nyuma kwa kuandikishwa. Kuna watafiti wa hukohuko walichukua familia wakazigawa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa maelezo na mtu wa kuwasaidia kutuma maombi, kundi lingine likaachwa kama kawaida, na waliosaidiwa wakajikuta wanaomba na kupata nafasi kwa wingi mpaka lile pengo kati ya familia zilizosoma na zisizosoma likapungua sana. Hakujajengwa darasa hata moja hapo. Ni mtu wa kumsaidia mzazi kujaza fomu basi.

Mji wa Rio de Janeiro kule Brazil nao 2007 ulikuwa na waombaji wengi kuliko nafasi kwenye vituo vyake vya watoto wadogo, wakaamua kuchezesha bahati nasibu. Angalau bahati nasibu haiangalii nani kaamka mapema. Mimi ningeenda mbele zaidi, ningesema nafasi kadhaa ziwekwe pembeni kabisa kwa watoto wanaoletwa na afisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya, na zisijazwe na mtu mwingine hata kama foleni imezunguka ukuta, maana mtoto wa namna hiyo huwa anatokea katikati ya mwaka, mama kafariki, nyumba imebomolewa, familia imekimbia vita, hayo hayasubiri tarehe ya mwisho ya maombi.

Lingine linaloniudhi ni sera zinazomwangalia mzazi zikamsahau mtoto. Uingereza ndo mfano mzuri, yaani kwa maana ya mbaya. Pale England mtoto wa miaka 3 au 4 ana saa 15 kwa wiki za bure, ila tangu Septemba 2017 ambaye wazazi wake wanafanya kazi anapata saa 30, na mzazi awe anaingiza angalau kiasi cha mtu anayefanya kazi saa 16 kwa wiki kwa mshahara wa kima cha chini. Tangu 2024 wakaanza kushusha umri mpaka Septemba 2025 mtoto wa miezi 9 naye ana saa 30, kwa sharti lilelile la wazazi kazini. Sasa tafakari, mtoto ambaye mzazi wake hana kazi, au anaumwa, au ni mkimbizi anayesubiri kibali, huyo ndo anapata saa chache kuliko mwenzake ambaye nyumbani ana vitabu na chumba chake. Nafahamu nia yao, walitaka akina mama warudi kazini na uchumi uende, si vibaya. Ila usiniambie hiyo ni sera ya watoto. Ni sera ya ajira iliyowekwa kwenye jengo la watoto, na mtoto wa miaka 3 anaadhibiwa kwa sababu mama yake hana ajira.

Tuje kwenye hela, ambako ndo kuna uozo wenyewe. Ule Mkataba wa 1989 ibara ya 28 unasema elimu ya msingi iwe ya lazima na bila malipo kwa wote, kuhusu awali haukusema chochote, na serikali nyingi zikasoma hapohapo zikaishia hapohapo. Msingi bila karo, awali lipa. Unajua kinachotokea? Kenya walikiona 2003, karo ya shule za msingi ikafutwa, watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika shuleni, jambo kubwa na la kusifiwa, lakini chekechea zikaachwa wazazi waendelee kulipa wenyewe. Wazazi sio wajinga, wakapiga hesabu, kwa nini nilipie mtoto kucheza na kuimba wakati mwakani anaingia la kwanza bila kulipa? Wengine wakawatoa watoto wakawakalisha nyumbani, wengine wakawasukuma moja kwa moja darasa la kwanza hata umri haujafika, chekechea za vijijini zikabaki na viti vitupu na walimu wasio na mshahara kwa sababu mshahara ulitoka kwenye karo hiyohiyo. Sera nzuri ya ngazi moja ikabomoa ngazi ya chini yake bila mtu kukusudia. Baadaye katiba ya 2010 ikazipa kaunti jukumu la elimu ya awali, na hapo nako ikawa inategemea umezaliwa kaunti gani, moja inajenga na kuajiri, nyingine inasuasua.

Ghana wao 2007 waliamua miaka miwili ya chekechea iwe sehemu ya elimu ya msingi ya lazima na ya bure, Tanzania kwenye sera ya 2014 ikafanya mwaka mmoja wa awali uwe wa lazima, Ufaransa ikateremsha umri wa lazima mpaka miaka 3 kuanzia Septemba 2019 ingawa huko karibu watoto wote walikuwa wanaenda tayari. Kuandika lazima ni hatua, sikatai. Ila lazima bila bajeti inamwangukia mzazi, anaambiwa ni kosa kutompeleka mtoto halafu anaambiwa na mchango wa mlinzi, na sare, na ream ya karatasi. Mwaka 2022 mwezi wa Novemba nchi zilikutana Tashkent kwenye mkutano wa UNESCO zikakubaliana kwamba angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu iende awali. Ripoti ya UNICEF ya 2019 ilikuwa imeshaonyesha kwamba karibu nchi 4 kati ya 10 zilikuwa zinaweka chini ya asilimia 2. Ripoti hiyohiyo ndo ilisema watoto zaidi ya milioni 175 wa umri wa awali duniani hawako darasani, karibu nusu yao wote, na kwenye nchi maskini kabisa anayepata ni mmoja kati ya watano. Ndugu zangu waandishi, hiyo asilimia mbona hamuiulizi siku ya bajeti? Mnauliza bei ya mafuta.

Tangu Julai 2024 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa limeunda kikundi kazi cha kuangalia kuongeza itifaki, yaani mkataba wa nyongeza, kwenye ule Mkataba wa Haki za Mtoto ili awali nayo iingie kama haki ya bure. Naunga mkono, ila mi mtu wa mezani, najua itifaki ikipita itakuja kwangu kama waraka, na waraka utakuja na fomu.

Halafu namna hela yenyewe inavyotolewa. Sehemu nyingi ruzuku inahesabiwa kwa mahudhurio, mtoto akiwepo kituo kinapata, asipokuwepo kinakatwa. Inaonekana ni akili, unazuia watoto hewa. Lakini mtoto asiyekuja mfululizo ni nani? Ni yule ambaye nyumbani wakiumwa anabaki kumwangalia mdogo wake, mvua ikinyesha njia haipitiki, mzazi akipata kibarua cha alfajiri hakuna wa kumleta. Kwa hiyo kituo kinachompokea mtoto huyo kinapata hasara, kituo kinachochagua watoto wa wazazi wenye gari kinapata faida, na hakuna mtu aliyebagua, ni fomula tu. Mkuu wa kituo si lazima awe na roho mbaya, ana mishahara ya kulipa. Mi nimekaa kwenye vikao ambapo mtoto anajadiliwa kwa upole kabisa, kwamba labda angefaa zaidi kituo kingine, na kila mtu pale anajua kituo kingine hakipo.

Saa nazo. Awali nyingi zinafunga mchana mapema. Mzazi anayefua nguo za watu, anayebeba mizigo sokoni, anayesukuma mkokoteni, atatokaje kuja kumchukua mtoto mchana kisha arudi? Anamtuma dada mkubwa wa mtoto, ambaye naye ni mwanafunzi, anaruka vipindi vya mwisho kila siku. Huko Msumbiji, jimbo la Gaza, kulifanyika tathmini ya chekechea za kijamii vijijini na wakakuta waliopitia pale walikuwa na uwezekano wa asilimia 24 zaidi kuwa wameandikishwa shule ya msingi, hilo tulitegemea, lakini na kaka na dada zao wakubwa nao mahudhurio ya shule yakaongezeka na walezi nao wakapata muda wa kufanya kazi. Yaani saa za chekechea zinaamua mpaka shule ya mtoto wa miaka 12 ambaye hayumo kwenye rejesta yetu. Na hao wa Gaza ni wanakijiji maskini kabisa, kwa hiyo anayekuja kuniambia wazazi maskini hawathamini elimu ya awali naomba anieleze kwa nini darasa likiwa karibu na halina malipo wanaleta.

Mongolia nao kwa wafugaji wakafikiri kinyume, badala ya kungoja familia isogee karibu na chekechea wakawa na chekechea kwenye mahema yao yale ya duara, linafungwa, linasafirishwa kufuata kambi za mifugo wakati wa kiangazi. Napenda sana hilo wazo, wizara imekubali kwamba mtoto ndo yuko sahihi na ramani ndo imekosea.

Kuhusu watoto wenye ulemavu nitasema kidogo ila ningeweza kuandika barua nzima. Kwenye miongozo mingi kuna kale kasharti kanakoonekana hakana shida, mtoto awe ameacha nepi. Kwa mtoto wa kawaida wa miaka 3 au 4 sawa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au mwenye mgongo wazi, anaweza asiache nepi miaka yake yote, kwa hiyo kasentensi kamoja kamemfungia nje na hakuna mahali pameandikwa kwamba walemavu hawatakiwi. Mama anaambiwa mlete akishajiweza. Nimemwona mama mmoja kakubaliwa mtoto wake kwa sharti kwamba yeye mwenyewe abaki kituoni kutwa amhudumie, sasa akibaki kituoni watakula nini? Head Start wameweka kwamba angalau asilimia 10 ya nafasi ziende kwa watoto wenye ulemavu, ni namba inayoweza kukaguliwa. Ukiweka namba lazima uweke na msaidizi wa darasa na choo chenye sehemu ya kubadilishia, vinginevyo yatajazwa majina tu kwenye rejesta.

Na hapo nafika kwa walimu, maana mtoto aliyepita vikwazo vyote hivyo anaingia kwa nani? Wanasiasa wanapenda sana kunukuu ule utafiti wa Perry kule Ypsilanti, Michigan, miaka ya 1962 mpaka 1967, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi, 58 wakapata chekechea na waliobaki wakawa wa kulinganishia, wakafuatiliwa mpaka wana miaka 40, na waliosoma awali walimaliza sekondari zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Mchumi James Heckman, yule wa tuzo ya Nobel ya 2000, na wenzake wakakadiria faida ya asilimia 7 mpaka 10 kwa mwaka. Sawa. Ila wakinukuu wanaruka sehemu moja, kwamba pale Perry mwalimu mmoja alikuwa na watoto kama sita hivi, ana mafunzo kamili, na kila wiki alikuwa anaenda nyumbani kwa mtoto kukaa na mama yake. Unanukuu faida ya watoto sita kwa mwalimu kisha unanipa sitini na boksi la chaki. Mi hata hizo lugha za faida zinanikera kidogo, mtoto wa miaka 4 si hisa za benki, lakini kama mnataka kuongea kibiashara basi ongeeni biashara yote mpaka na mtaji.

Quebec kule Kanada walitanua haraka kuanzia 1997, mzazi wakati huo alikuwa analipa dola 5 tu kwa siku bila kujali kipato, akina mama wakaingia kazini kwa wingi, lakini wachumi waliofuatilia wakakuta kwa baadhi ya watoto wasiwasi na ugomvi vimeongezeka. Ukitanua nafasi bila kutanua ubora, anayeumia zaidi ni yule ambaye nyumbani hana pa kufidia. Na India wana mfumo wao wa vituo vya watoto vinavyoitwa anganwadi tangu 1975, vituo zaidi ya milioni 1.3, pengine ndo mfumo mkubwa kuliko yote duniani, unamfikia mtoto kijijini kabisa na unamlisha na kumpima uzito palepale, mi nawavulia kofia. Lakini mwanamke anayeuendesha analipwa posho kwa sababu serikali inamhesabu kama wa kujitolea, mpaka Aprili 2022 ndo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema hao akina mama wanastahili kiinua mgongo. Sehemu nyingi za dunia ni hivyohivyo, kazi ya kulea watoto wa maskini inafanywa na wanawake maskini kwa hela ambayo haiwatoshi kulea wa kwao. Halafu tunashangaa mwalimu wa awali akipata nafasi darasa la tano anaikimbilia.

Kuna watakaosema ukilegeza masharti watu watadanganya umri, watajaza watoto hewa. Watadanganya wachache, ndio. Kadi ya kliniki ina tarehe, mhudumu wa afya anamjua mtoto tangu yuko tumboni, na mtoto mwenyewe akikaa mbele yangu dakika kumi nitakwambia kama ana miaka 3 au 6. Wa kubanwa ni anayekula ruzuku ya majina yasiyokuwepo, na huyo hata vyeti huwa anavyo, tena vizuri kuliko vya bibi.

Sasa ombi langu kwenu Mhariri, na kwa wenye mamlaka kama wanasoma ukurasa huu. Kwenye ile sistemu ya uandikishaji kuna sehemu ya kujaza aliyepokelewa, hakuna sehemu ya kujaza aliyerudishwa. Mtoto akirudishwa haachi alama yoyote, takwimu za mwaka zinakuja zinaonyesha asilimia kubwa ya waombaji walipokelewa, kumbe mwombaji anayehesabika ni yule ambaye sistemu ilimkubali. Iongezwe sehemu hiyo. Jina la mtoto lisiwekwe kama kuna hofu, iwekwe sababu tu, hana cheti, hana barua ya makazi, nafasi zimejaa, bado anavaa nepi, mzazi hana mchango, anaishi mbali, na jina la kituo na tarehe. Kila robo mwaka itolewe hadharani. Na wizara ikubali kadi ya kliniki kwa muda huku ofisi ya vyeti ikipewa orodha ya watoto hao na kuambiwa iwafuate kituoni, afisa mmoja na muhuri wake asubuhi moja anamaliza darasa zima.

Na nyie msimu ujao mkialikwa kwenye kukata utepe, pigeni picha zenu, kisha ulizeni hiyo orodha. Wakisema hawana, andikeni kwamba hawana, na muweke ukurasa wa mbele pale mlipokuwa mnaweka viti vya rangi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa awali